Uzamivu katika Modeli za Kihisabati za Magonjwa ya Kuambukiza: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Uganda

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyemaliza, au anayekaribia kumaliza, shahada ya uzamili katika hisabati, takwimu, tiba au afya ya umma, na ambaye angependa kufanya utafiti wa uzamivu kuhusu jinsi magonjwa yanavyoenea, akitumia hisabati na akiwa hapa Uganda. Niliipita njia hii mwenyewe kabla ya kuanza kuwasimamia wengine, na ushauri ninaoutanguliza kuliko mwingine wowote ni kwamba uanze na rejista ya wagonjwa, si na mlinganyo. Mwanafunzi wa London au Boston atakuzidi kwa kompyuta, kwa maktaba na kwa idadi ya wataalamu anaokutana nao kila siku, lakini hawezi kuamka kesho asubuhi akaenda kwenye kituo cha afya wilayani Tororo, akafungua daftari la wagonjwa wa nje na kumwuliza muuguzi kwa nini mistari ya wiki ya tatu ni mitupu. Nimesoma tasnifu nyingi ambazo hisabati yake haina kosa hata moja, lakini mwandishi hakuwahi kuona data zake zikiandikwa, na udhaifu huo hujitokeza tangu sura ya pili.

Jipime kabla ya kuomba nafasi

Anayetoka upande wa hisabati huwa ameshaijua milinganyo tofautishi, yaani ile inayoeleza kasi ya mabadiliko, pamoja na matriki, yaani majedwali ya namba; kinachompungukia mara nyingi ni takwimu za kukadiria, uandishi wa programu za kompyuta na uelewa wa ugonjwa wenyewe. Anayetoka upande wa tiba anaujua ugonjwa na anazijua wodi, lakini hisabati aliiacha kidato cha sita. Wote wawili wanaweza kufika, ila kila mmoja anahitaji miezi sita hivi ya kuziba pengo lake kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, na miezi hiyo haipaswi kuonewa aibu.

Kipimo ninachowapa wanaonijia ni hiki. Chukua modeli, yaani mfano wa kihisabati wa jinsi ugonjwa unavyoenea, ambayo watafiti Kermack na McKendrick waliichapisha mwaka 1927, inayoigawa jamii katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliopona au kufariki. Onyesha kwa kalamu na karatasi ni katika hali gani idadi ya wagonjwa itaongezeka na ni katika hali gani itapungua. Kisha iandike modeli hiyo hiyo katika lugha ya kompyuta kama R, Python au Julia, ichore, uiandike upya kwa namna ambayo kila maambukizi hutokea kwa bahati, na mwishowe uilinganishe na data za mlipuko mmoja wa kweli zilizo wazi kwa umma. Ukiweza kufanya yote hayo kwa mwezi mmoja bila kushikwa mkono, uko tayari. Ukikwama, pale ulipokwama ndipo penye somo lako la miezi sita ijayo.

Kupata swali linalostahili miaka minne

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasiwe na haraka. "Modeli ya malaria nchini Uganda" si swali, ni kichwa cha habari. Swali lina mahali, lina muda, na lina mtu ambaye jibu lake litamfanya aamue jambo kwa namna nyingine. Kama huwezi kumtaja mtu huyo kwa cheo chake, awe afisa afya wa wilaya, msimamizi wa mpango wa chanjo wizarani au mkuu wa kikosi cha kukabili milipuko, basi endelea kulichonga.

Tuchukue surua ili tuone hesabu ndogo inavyoweza kuzaa swali kubwa. Namba ya msingi ya maambukizi, inayoandikwa R0, ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga kabisa, na kwa surua kwa kawaida hutajwa kuwa kati ya 12 na 18. Tukishika 15, sehemu ya jamii inayopaswa kuwa na kinga ili ugonjwa ukose njia ni 1 − 1/15, yaani asilimia 93 hivi. Dozi moja ya chanjo anayopewa mtoto akiwa na miezi tisa humkinga kwa uwezekano wa takribani asilimia 85, kwa kuwa kingamwili alizorithi kwa mama yake huweza kuidhoofisha chanjo. Gawanya 93 kwa 85 na utaona kwamba dozi moja pekee ingehitaji kuwafikia zaidi ya asilimia 109 ya watoto, jambo lisilowezekana hata kama kila mzazi wa nchi hii angefika kliniki kwa siku yake. Kwa mistari mitatu ya hesabu tumeelewa kwa nini dozi ya pili, ambayo Uganda iliianzisha mwaka 2022 kwa watoto wa miezi 18, ilikuwa ya lazima.

Hata hivyo hesabu hiyo inadhani kwamba watu wamechanganyika sawasawa, na sivyo walivyo. Watoto wasiochanjwa hukaa karibu karibu: katika kijiji kilicho mbali na barabara, katika visiwa vya Ziwa Victoria, au katika familia zilizofika juzi kwenye makazi ya wakimbizi kama Bidi Bidi au Nakivale. Kwa hiyo swali la uzamivu linaweza kuwa hili: katika wilaya inayopokea wakimbizi kila mwezi, kampeni za chanjo za kuziba mapengo zipangwe kila baada ya muda gani, na zianzie umri gani, ili mlipuko usipate nafasi kati ya kampeni na kampeni? Hilo lina mahali, lina muda, na lina mwenye kuamua.

Mifano mingine iko mlangoni petu. Upuliziaji wa dawa ya kuua mbu ndani ya nyumba ulipositishwa katika wilaya kadhaa za kaskazini mnamo 2014, malaria ilirudi kwa nguvu. Swali la ni muda gani uliopo kati ya kusitisha na kurudi kwa ugonjwa, na vyandarua vinaweza kuurefusha kiasi gani, bado linahitaji majibu ya wilaya moja moja. Mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan uliotangazwa tarehe 20 Septemba 2022, ukianzia Mubende, ulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa na vifo 55 miongoni mwao kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, na haukuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Silaha zilizokuwapo ni kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, kuwatenga wanaougua na kuzika kwa usalama, na kila moja ya silaha hizo ina muda wake wa kuchelewa ambao hisabati inaweza kuupima.

Wasimamizi wawili, wa fani mbili

Tafuta msimamizi mmoja anayejua hisabati na mwingine anayeujua ugonjwa. Msimamizi wa hisabati peke yake atakuacha uthibitishe nadharia kuhusu modeli ambayo hakuna daktari anayeitambua. Wa tiba peke yake hataona kosa lililojificha katika mlinganyo wa tatu. Makerere ina idara ya hisabati na shule ya afya ya umma, na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza iko chini ya chuo hicho hicho. Mbarara ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Entebbe kuna Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Masaka na Rakai kuna makundi ya watu ambao afya zao zimefuatiliwa tangu miaka ya 1980, hasa kuhusu VVU, na data za namna hiyo ni hazina ambayo watafiti wa nchi nyingi wanaionea wivu.

Unapomwandikia profesa barua pepe ya kwanza, weka ukurasa mmoja tu: swali lako, data unazofikiria, na mchoro mmoja ulioutengeneza mwenyewe. Usimtumie vyeti vyako vyote kabla hajaviomba. Kabla ya kukubaliana naye, zungumza faraghani na wanafunzi wawili waliowahi kusimamiwa naye, uwaulize anachukua muda gani kurudisha sura aliyopewa kusoma. Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuliko orodha ya machapisho yake.

Nafasi na fedha

Uzamivu wa utafiti umepangwa kwa miaka mitatu kwenye karatasi, lakini panga maisha yako na ya familia yako kwa minne au mitano. Usijiandikishe kwa kutegemea mshahara wako peke yake ikiwa kuna njia nyingine. Angalia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanataaluma, unaowaruhusu Waafrika kusoma ndani ya bara, ufadhili wa Jumuiya ya Madola, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na programu ya hisabati ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki iliyosaidiwa kwa miaka mingi kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Soma tangazo la mwaka husika lenyewe, kwa sababu masharti hubadilika. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha na SACEMA, kituo cha modeli za magonjwa kule Stellenbosch, Afrika Kusini, ni mahali pa kutafuta mafunzo mafupi au msimamizi wa tatu. Wiki mbili ukiwa mezani na watu wanaofanya kazi kama yako husogeza tasnifu kuliko miezi miwili ya kusoma peke yako.

Pendekezo, maadili na vibali

Wanahisabati wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawamchomi mtu sindano, vibali haviwahusu. Hilo ni kosa linalogharimu mwaka mzima. Data za wagonjwa, hata zikiwa hazina majina, ni za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweza kuzihusu. Utaratibu kwa kawaida huanza na chuo kulipitisha pendekezo, kisha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha kujisajili na kupata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na ndipo unapokwenda kwa wenye data, iwe wizara, wilaya au taasisi. Tenga miezi sita kwa ajili ya mlolongo huu na uitumie kuandika sura ya mapitio. Ukifika wilayani, nenda kwanza ofisini kwa afisa afya wa wilaya ukajitambulishe na kueleza utarudisha nini, hata kama barua yako ina mihuri yote.

Kaa na data kabla ya kuunda modeli

Taarifa za kila wiki na za kila mwezi kutoka vituo vya afya huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, na mtafiti aliyepewa ruhusa anaweza kuzipakua za miaka mingi kwa dakika chache. Wepesi huo una mtego wake, nami nilinasa.

Nilikuwa na data za malaria za kituo kimoja cha mashariki. Modeli yangu iliyafuata mabadiliko ya mvua vizuri sana isipokuwa mahali pamoja, ambapo wagonjwa waliothibitishwa walishuka ghafla kwa wiki tano, katikati ya msimu wa mbu. Nilikaa miezi miwili nikijaribu kulieleza bonde lile: nilibadilisha uhai wa mbu, nikaongeza kinga ya muda, nikapata hata mlinganyo uliolifuata bonde hilo kwa umaridadi. Hatimaye nilipanda basi nikaenda kituoni. Muuguzi alinifungulia rejista, akaweka kidole kwenye safu ya matokeo ya kipimo, nayo ilikuwa na mistari mitupu ukurasa baada ya ukurasa, ilhali safu ya dalili imeandikwa homa, homa, homa. Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha. Wagonjwa hawakupungua hata kidogo. Kilichopungua ni uwezo wa kuwathibitisha. Umaridadi wangu wote ulikuwa umeeleza upungufu wa vifaa kana kwamba ni tabia ya mbu.

Tangu hapo huwa nawaambia wanafunzi wafanye mambo matatu kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Tenganisha sifuri na pengo: sifuri ni wiki ambayo watu walipimwa na hakuna aliyekutwa na ugonjwa, pengo ni wiki ambayo hakuna aliyeripoti, na faili nyingi huyaandika yote mawili kwa namna moja. Tafuta idadi ya waliopimwa, si ya waliokutwa na ugonjwa tu. Kisha uliza tarehe iliyoandikwa ni ya nini, kwa maana siku ya kuanza kuumwa, siku ya kufika kituoni na siku ya majibu ya maabara zinaweza kupishana kwa wiki nzima, na modeli ya Ebola inayozichanganya itakosea kasi ya mlipuko.

Kuunda modeli

Anza na modeli ndogo kabisa inayoweza kulijibu swali lako, na kila kundi unaloliongeza lilipie nafasi yake. Modeli yenye makundi kumi na tano na parameta arobaini, yaani namba za kudumu kama kasi ya kupona, huonekana ya kisomi, lakini nusu ya parameta hizo zitakuwa zimenakiliwa kutoka makala zilizonakili makala nyingine. Fuatilia kila namba hadi mahali ilipopimwa kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine utakuta ilipimwa katika nchi nyingine, kwa watu wachache, kwa ugonjwa wa aina nyingine.

Chunguza pia dhana zilizojificha ndani ya mlinganyo rahisi. Mgonjwa wa surua huambukiza kwa siku nane hivi, nne kabla ya vipele na nne baada yake. Ukiandika kwamba wagonjwa wanaacha kuambukiza kwa kiwango cha 1/8 kwa siku, kama modeli ya kawaida inavyofanya, umesema pasipo kukusudia kwamba karibu asilimia 12 wanaacha ndani ya siku ya kwanza na kwamba zaidi ya asilimia 13 bado wanaambukiza baada ya siku kumi na sita. Hakuna muuguzi atakayekubali maneno hayo. Dawa yake ni kuligawa kundi la wanaoambukiza katika hatua kadhaa zinazofuatana, ili muda ukusanyike karibu na siku nane, na tofauti huonekana waziwazi unapopima faida ya kumtenga mgonjwa mapema.

Jambo lingine ni bahati. Wagonjwa wakiwa maelfu, wastani unatosha. Wakiwa watatu, wastani unadanganya. Katika modeli rahisi ya bahati, mgonjwa mmoja akiingia katika jamii ambayo R0 ni 2, kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba mnyororo wake utakatika wenyewe bila mtu kufanya lolote. Wakiingia watatu kila mmoja kwa njia yake, uwezekano wa minyororo yote mitatu kukatika unashuka hadi moja ya nane. Kwa mipaka yetu, ambako watu huvuka kila siku kwenda sokoni, kanisani na kwa jamaa zao, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mlipuko wa jirani utakuwa wetu, na milinganyo isiyo na bahati ndani yake haiwezi kuionyesha.

Kabla ya kuilinganisha modeli na data za kweli, ilinganishe na data ulizozitengeneza mwenyewe. Chagua namba zako, uiache modeli izalishe milipuko ya kubuni, kisha uiombe kompyuta izikadirie namba hizo kana kwamba huzijui. Ikiwa hairudishi ulichoweka, tatizo halitatoweka utakapoleta data za Mbale. Mara nyingi utagundua kwamba namba mbili zimeshikana: wagonjwa wachache walioripotiwa wanaweza kumaanisha ugonjwa mdogo ulioripotiwa vizuri au ugonjwa mkubwa ulioripotiwa vibaya, na data za wagonjwa peke yake haziwezi kuamua. Ukweli huo uandike wazi katika tasnifu, kisha tafuta data za aina ya pili, kama vipimo vya kingamwili katika damu, zitakazozitenganisha.

Hifadhi kila toleo la programu zako kwa Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, na nakala yake iwe nje ya kompyuta yako. Umeme hukatika na kompyuta ndogo huibwa kwenye teksi.

Kuchapisha na kutetea

Panga tasnifu kama makala tatu zinazosomeka kila moja peke yake, na ya kwanza itoke mwishoni mwa mwaka wa pili, hata kama ni ya kueleza data tu. Jihadhari na majarida yanayokuandikia kwa sifa nyingi na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo. Mwulize msimamizi wako kabla ya kutuma chochote. Katika utetezi, watahini wa hisabati watakuuliza uthibitisho na watahini wa afya watakuuliza "kwa hiyo nini?", na wote wawili wana haki. Jizoeze kuieleza modeli yako kwa Kiswahili au kwa lugha ya wilaya uliyofanyia kazi, bila alama hata moja ya hesabu, kwani hatua usiyoweza kuieleza hivyo mara nyingi ndiyo usiyoielewa.

Na safari ya kurudi wilayani ifanye kabla ya utetezi, wakati bado unaweza kurekebisha. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda na grafu zake za surua kwenye kikao cha wahudumu wa afya, akawaonyesha mstari wa modeli na nukta za wagonjwa. Mhudumu mmoja wa kijiji, mama mtu mzima aliyekuwa ameketi nyuma, alizitazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini nukta zinapanda juu ya mstari mara tatu kila mwaka, tena Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba. Hakuna aliyejibu, naye akaendelea: "Si ndio watoto wanarudi shule?" Kalenda ya mihula iliingizwa katika modeli wiki hiyo hiyo, na sura ya nne ikaandikwa upya.